Umeanza kazi ya mizigo ya meli? Soma hii kabla ya kuthibitisha rasimu

Wiki yangu ya pili kazini niliithibitisha rasimu ya hati ya shehena (bill of lading, hati ya kampuni ya meli inayoeleza mzigo uliobebwa) kwa haraka haraka, kumbe kwenye namba ya kontena 6 na 9 zilikuwa zimepishana. Mzigo ukafika, watu wa forodha wakawa wanatafuta kontena ambalo meli haikulibeba. Marekebisho tuliyalipia, na tozo nazo zikawa zinapanda kila kukicha.

Namba ya kontena ni herufi nne, ya mwisho kwa kawaida U, halafu tarakimu saba. Ile ya saba, iliyozungushiwa kiboksi pale mlangoni, hupatikana kwa kukokotoa herufi na tarakimu zote kumi zilizotangulia. Ukikosea mahali, hesabu karibu kila mara inagoma. Vikokotoo vyake viko mtandaoni bure. Mimi sikuwa na habari.

Tozo zenyewe huwavuruga wengi, maana ziko tatu na kila moja ina hesabu yake. Kontena lenye mzigo likilala bandarini kupita siku za bure, kampuni ya meli inakutoza dimareji. Ukilitoa ukachelewa kulirudisha tupu, hiyo ni ditensheni. Na bandari nayo ina tozo yake ya kuhifadhi mzigo. Ukisamehewa na kampuni ya meli, hii iko pale pale. Kwa hiyo kuuliza "siku za bure ngapi?" hakutoshi. Uliza zinaanza kuhesabiwa lini: meli ikifunga gati, au kontena likishushwa? Jumapili imo? Jibu litake kwa barua pepe, kwa sababu aliyekuahidi kwa simu siku ya ankara hapatikani.

Kabla ya kupakia, ingia ndani ya kontena tupu, mwenzako afunge milango, usimame gizani mpaka macho yazoee. Ukiona hata kitone cha mwanga, limetoboka, likatae. (Mwenzako asiwe mtu wa masihara.)

Uzito je? Tangu Julai 1, 2016 kontena lenye mzigo halipandi melini bila uzito uliohakikiwa, na uzito huo ni pamoja na palleti na kontena lenyewe. La futi 20 likiwa tupu tu lina zaidi ya tani mbili.

Halafu bima. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama siku sita kwenye Mfereji wa Suez, na mwenye meli akatangaza hasara ya pamoja: gharama za kuiokoa zigawanywe hadi kwa wenye mizigo, hata ambao mizigo yao haikuguswa. Bila dhamana kwamba fungu lako litalipwa, hupewi mzigo. Mwenye bima humwachia kampuni yake ya bima shughuli hiyo. Asiye nayo hutafuta fedha mwenyewe. Mteja akikuambia bima ni ghali, mweleze kisa hicho, na akikataa bado, akatae kwa maandishi.