Mama mkwe aondoke? Tuanze na mguu wako

Shangazi, hujambo? Nina miaka 26, naishi Free Area, Nakuru. Nilijifungua kwa upasuaji wiki nne zilizopita. Mama mkwe alikuja kutoka Bungoma kunitunza na sasa ameiteka nyumba. Ananiamsha saa kumi na mbili asubuhi nizunguke ploti kama askari. Hataki nifue, hataki niinue hata mtungi wa maji. Ananikanda tumbo kwa maji moto hadi nalia. Uji wa wimbi asubuhi na jioni. Akienda soko narudi kitandani na simu, ndiyo mapumziko yangu. Analala chumbani kwangu, mume wangu yuko sebuleni na amechoka. Ameshaweka kando nauli ya kumrudisha kwao. Mimi nimepona, ni mguu wa kushoto tu umevimba na unavuta. Nimwambieje aende bila kuleta vita? – Mzazi, Nakuru

Mwanangu, pole, na hongera kwa mtoto. Barua yako, ambayo nimeifupisha, ilikuwa kurasa mbili za mama mkwe na nusu mstari wa mguu. Mimi naanza na huo nusu mstari.

Mguu mmoja kuvimba na kuvuta, mwenzake ukiwa sawa, tena ndani ya wiki sita za kujifungua na umepasuliwa, huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likichomoka husafiri hadi kwenye mapafu na linaweza kuua. Huenda si hilo, lakini si wewe wala mimi wa kuamua. Daktari ataupiga mshipa picha na kujua. Nenda leo. Usiukande mguu huo, wala usikubali mtu aukande. Ukiona pumzi inakukatika au kifua kinachoma, usingoje hata dakika moja.

Sasa swali lako. Sikufichi, mimi niko upande wa mama mkwe. Huko kuzunguka ploti unakokulalamikia ndiko manesi wanakowahimizia kina mama wodini, mara nyingi kabla siku ya pili haijaisha baada ya upasuaji, kwa sababu miguu isiyotembea ndiyo damu hupenda kugandia. Yeye anakuamsha utembee, akigeuka unarudi kitandani na simu. Unaita hayo mapumziko.

Na huo mtungi? Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Wewe ulikatwa ngozi, ukakatwa hadi mfuko wa uzazi wenyewe. Ngozi hufunga mapema ikakudanganya kwamba umepona, huku ndani bado kunaunganika. Katika wiki hizi sita kitu kizito kuliko mtoto wako usikiinue. Mama mkwe hakusomea haya popote, lakini ameyashika sawasawa.

Nakuambia haya kwa sababu nami nilikuwa mjuaji. Mtoto wangu wa pili nilimzalia Kisumu. Damu ya uzazi ilipoanza kutoa harufu nilimficha mama mkwe kwa aibu, nikawa nafua vitambaa vyangu usiku. Siku ya tisa nilitetemeka chini ya blanketi mbili, na joto lile la Kisumu mnalijua. Aliifungua leso niliyojifunga, akanusa, akanyamaza. Akamfunga mtoto mgongoni, akanishika kiwiko, tukatembea hadi barabarani kutafuta gari. Hadi leo hajawahi kunikumbusha. Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio kilinikosa kwa sababu ya mama huyo.

Anapokosea nitasema pia. Kukanda tumbo lenye mshono kwa maji moto kukome. Mfuko wa uzazi hurudi wenyewe taratibu kwa muda wa kama wiki sita, na kunyonyesha ndiko kunakousaidia. Yale maumivu unayoyasikia tumboni mtoto akivuta ziwa ni mfuko ukijikunja. Kitambaa cha moto kinaweza kukuunguza na kuuumiza mshono. Lakini usimwambie wewe. Nenda naye hospitali, umuulize nesi mbele yake. Mzee hukubali kwa nesi neno ambalo kwa mkaza mwana angelikataa. Uji endelea nao, na vidonge vya kuongeza damu usivimeze na chai, maana chai huvizuia kufanya kazi. Meza na maji na uule chungwa.

Aliyenitia shaka katika barua yako ni mumeo. Amechoka na nini? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba aliyeajiriwa wiki mbili za likizo yenye malipo mkewe anapojifungua. Katika kurasa zako mbili sikumwona akifua nepi hata moja. Nimemwona mahali pamoja tu, penye nauli. Mama mkwe hakulala chumbani kwako kwa bahati mbaya, anamjua mwanawe. Mambo ya kitandani yangoje damu ikauke na kidonda kitazamwe kwenye kliniki ya wiki sita. Hapo hapo mzungumze na nesi kuhusu kupanga uzazi, kwa maana mimba yaweza kuingia hata kabla hujaona siku zako, na hushauriwa ipite miaka miwili kabla ya kubeba nyingine.

Nyinyi wasichana wa siku hizi mnataka mume asiye na mama. Mnamwona mtu mtandaoni amezaa juzi na tayari amevaa suruali ya kubana, mnadhani hivyo ndivyo. Hamwoni nani anamfulia, wala nani anaamka naye saa nane za usiku. Ploti ina milango kumi na miwili na mzazi anakaa peke yake na kichanga hadi jioni. Wewe una mtu aliyeacha shamba lake Bungoma akaja kukupikia, nawe unatafuta maneno ya kumfukuzia.

Akae hadi hiyo kliniki, na siku ya kuondoka aichague mwenyewe. Ile nauli iliyowekwa kando itoe sasa hivi, uite teksi, si boda. Mama mkwe abebe mtoto, wewe ubebe kijitabu cha kliniki, mkaonwe huo mguu.