Apande ndege ya vita ya zamani, au aitazame tu?

Dada wa Milimani, Kisumu, umeuliza kama mwanao anayesoma Marekani alipe apande ndege ya Vita Vikuu vya Pili, na kama ndege hizo si afadhali zifungiwe makumbusho.

Mwambie atazame akiwa chini. Oktoba 2019 ndege moja aina ya B-17, ya Marekani ya kudondosha mabomu katika vita hivyo, ilianguka uwanja wa Bradley, Connecticut, ikiwa na abiria waliolipa kama yeye. Saba walikufa. Wachunguzi walikuta plagi na magneto (kifaa kinachozipa plagi umeme) zina hitilafu. Fundi yeyote wa Kibuye anajua plagi chafu humfanyia nini mwenye bodaboda, ila bodaboda unaiegesha kando.

Kuzipiga marufuku kabisa, hapana. Mwaka 2015 jeti ya zamani ya kivita aina ya Hawker Hunter, ikifanya sarakasi kwenye maonyesho, iliangukia barabara pale Shoreham, Uingereza, ikaua watu 11, na nchi hiyo ikazuia jeti za zamani kufanya sarakasi juu ya nchi kavu, zipite tu. Hapo naunga mkono: rubani kajichagulia hatari, mwenye gari hakuulizwa.

Kijana akikaza shingo (wa chuo hawasikii), basi aulize injini ilikaguliwa lini na nani. Akijibiwa kwa mkato, adai pesa yake.