Kabla hujataja bei ya kompyuta ya zamani, fungua mfuniko wake

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Nina kompyuta ya miaka ya themanini, itanipa kiasi gani?" Umri peke yake hautoshi kujibu. Commodore 64 ilitoka mwaka 1982 ikauzwa kwa mamilioni, kwa hiyo hata leo haiadimiki. Apple I ya mwaka 1976 zilitengenezwa kama 200 tu, na mwaka 2014 moja ilinunuliwa mnadani kwa dola 905,000. Wakusanyaji hulipia uadimu, kisha hali ya mashine.

Hiyo hali ndiyo iliyonifundisha kwa maumivu. Nilinunua kompyuta ya Amiga 2000 iliyong'aa kwa nje, kibodi kamili, hata mkwaruzo haina. Nikalipa bei ya mashine nzima. Haikuwaka. Nilipotoa mfuniko nikakuta betri ndogo iliyochomelewa kwenye ubao mama imevuja, na ukungu wa kijani umetambaa hadi kwenye soketi ya prosesa. Nilisugua kwa siki na mswaki, nikaona njia za shaba zimelika kabisa, nyingine nyembamba kama unywele. Tangu siku hiyo sitaji bei wala silipi kabla sijaona picha ya ndani, sehemu ya betri ikionekana vizuri.

Na tafadhali, usichomeke mashine iliyolala miaka mingi ili tu uone kama inawaka. Adapta ya asili ya Commodore 64 ikiharibika hupandisha volti na kuunguza chipu za kumbukumbu. Pima kwanza adapta kwa mita ya umeme: upande wa DC (umeme wa mkondo mnyoofu) unatakiwa utoe volti 5. Ukiwa na mashine iliyojaribiwa kwa usalama, sema hivyo kwenye tangazo, maana mnunuzi makini atauliza.

Kuhusu bei yenyewe, achana na zile wauzaji wanazoomba. Mtu anaweza kuandika anachotaka na kikakaa mwaka mzima bila kuguswa. Tafuta bei za mashine zilizokwisha kuuzwa, za modeli ileile na hali ileile, angalau tano au sita, uitoe ile moja iliyopaa kuliko wenzake. Boksi la asili, vitabu vya maelekezo na diski zake huongeza thamani sana, kwa hiyo usitupe hata karatasi.

Plastiki ikiwa imegeuka njano, iache. Kuna wanaoipausha kwa kemikali ya peroksaidi, ila ikitoka madoadoa huwezi kuirudisha, na mimi binafsi ningelipa zaidi kwa ile ya njano ambayo haijachezewa.