Betri zinakata saa 3 usiku: niongeze paneli?

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 6 juu kabisa Usambara, nguzo za umeme hazijafika. Paneli zangu ni kilowati 2. Mwezi wa Julai ukungu ukishuka, saa 3 usiku taa zinakata wageni wakiwa mezani. Niongeze paneli au ninunue jenereta? Kuna kijito jirani, hakikauki.

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kitu bado. Chukua ndoo ya lita 20 uende kijitoni.

Ukungu mzito unaweza kushusha paneli hadi chini ya robo ya uwezo wake. Ukiongeza nyingine, nazo zitakaa humo humo kwenye ukungu. Jenereta nayo inataka mafuta ya kupandishwa mlimani kila wiki. Kijito kinaweza kukuzungushia mtambo wa umeme usiku na mchana.

Pima mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa machache. Yaelekeze yote kwenye ndoo, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 4, una lita 5 kwa sekunde. Kisha pima mteremko, yaani kimo ambacho maji yatashuka hadi kwenye mtambo, kwa ule mpira wa maji ambao waashi wanasawazishia msingi. Ukipata mita 20, mtambo mdogo utakupa wati 480 hivi. Usizidharau: kwa saa 24 ni zaidi ya uniti 11.

Wengi wanaharibikia kwenye bomba. Kwa maji hayo, bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 100 linameza kwa msuguano karibu mita 12 za mteremko wako; la inchi 3 halifikishi hata 2. Hapo usibane pesa, nakusihi.

Hukutaja maji ya kuoga. Kama una hita za umeme bafuni, zing'oe leo. Hita ya kilowati 3.5, wageni 12 wakioga dakika 10 kila mmoja, ni uniti 7 zimekwenda. Mtambo wa maji hautakiwi kukosa mzigo, yaani kitu cha kutumia umeme wake, usije ukazunguka kupita kiasi. Kwa hiyo umeme unaobaki betri zikijaa, uelekeze kwenye koili ya kuchemshia ndani ya tangi la maji ya kuoga. Usiku kucha yanapata moto.

Paneli zibaki, zitakufaa Januari na Februari jua likiwaka na kijito kikipungua. Kibali cha kutumia maji kiombe Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kabla hujachimba.

Nitumie sekunde za ndoo, mita za mteremko na urefu wa njia ya bomba, nikuchagulie mtambo.