Ukiipangia droni safari, anza kuipangia njia ya kurudi

Ndugu, umeuliza kama ni salama kuipangia droni vituo vyote, yaani sehemu za angani inazopaswa kupitia, ukiwa nyumbani, kisha kuiacha ijiendeshe yenyewe huku wewe ukitazama picha kwenye simu. Nakujibu kwa yale niliyoyapata katika miaka minne ya kurusha droni ndogo za propela nne hapa Dar es Salaam, ambazo naziendesha kwa programu ya ArduPilot. Kuiachia ifuate njia iliyopangwa kunawezekana kabisa, lakini hilo la kutazama simu nakuomba uliache, na kuna mambo ya kupanga kwanza. La kwanza, yaani njia ya kurudi, nililiona kwa macho yangu huko Kigamboni.

Nilikuwa nimepanga vituo nane kuzunguka kiwanja kilichopakana na shamba la minazi. Njia ya kwenda niliichora kwa uangalifu mkubwa, ikikwepa minazi yote, na upande wa pili niliishusha droni hadi mita 12 ili ipige picha za karibu. Ilipofika kituo cha tano mawasiliano na rimoti yakakatika, nayo ikafanya kile hasa ilichoagizwa kufanya, yaani kurudi ilikotoka. Sasa, ArduPilot usipoibadilisha huipandisha droni hadi mita 15 tu kabla ya kuirudisha, na ikiwa tayari iko juu ya hapo hurudi kwa kimo ilichonacho. Tena hairudi kwa njia uliyoichora, bali hukata moja kwa moja. Kati yake na mimi kulikuwa na minazi ya mita 20 na zaidi. Nilisikia propela zikichana makuti, kisha kimya. Mkwezi aliyekuwa jirani ndiye aliyepanda kuiteremsha, na alipoileta mkono mmoja wa droni ulikuwa umevunjika na betri inaning'inia kwa waya zake. Chini ya mnazi ule, dakika chache kabla, walikuwa wamekaa watoto wawili. Tangu siku hiyo kimo cha kurudi ndicho kitu cha kwanza ninachokiandika, nikipima kitu kirefu kuliko vyote katika eneo zima, wala si kwenye njia peke yake, na kuongeza mita 15 juu yake.

Jambo la pili ni maana ya kimo chenyewe. Mita 40 unazoziandika huhesabiwa kutoka pale droni iliporukia, si kutoka ardhi iliyo chini yake wakati huo. Ukirukia bondeni na kuielekeza kwenye mwinuko, kama ilivyo Goba au Pugu, ardhi ikipanda mita 30 unabakiwa na mita 10, na nyumba ya ghorofa mbili pamoja na tangi lake la maji inakaribia kuzimaliza zote. Programu inaweza kufuata data za mwinuko wa ardhi, lakini data hizo hazijui mnara wa simu uliosimikwa mwezi uliopita. Kwa hiyo mimi hutembea njia nzima kwa miguu kwanza, nikitazama juu, hasa kutafuta nyaya za umeme, ambazo kwenye picha za setilaiti hazionekani.

Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi, droni yenye uwezo wa mita 10 kwa sekunde ikikutana na upepo wa mita 6 usoni hubaki na mita 4 tu, hivyo mita 800 ambazo hewa ikitulia zingechukua sekunde 80 sasa zinachukua sekunde 200. Ndiyo maana vituo vya mbali navipanga upande upepo unakotoka, ili betri iliyochoka irudi ikisukumwa badala ya kupambana.

Usirukie juu ya zege, kwani nondo zilizomo huivuruga dira, na droni inayojiendesha ikiwa na dira mbovu huanza kuzunguka duara linalozidi kupanuka. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kishughulikie mapema, na kandokando ya uwanja wa ndege wa Kipawa usifikirie hata kujaribu. Kunguru wa mji huu huifuata droni, kwa hiyo wakikusanyika, ishushe.

Katika safari yenyewe, macho yako yawe kwenye droni na kidole kiwe kwenye swichi ya kuichukua uiendeshe mwenyewe kwa rimoti. Jaribio la kwanza lifanye asubuhi kabla upepo wa bahari haujaanza, mahali pasipo na watu. Irushe ukiiendesha mwenyewe kwa rimoti hadi kituo cha mbali kuliko vyote, iamuru irudi, uitazame inavyopanda na inapopita. Ikirudi mara mbili bila kukaribia kitu chochote, hapo ndipo upakie vituo vyote.