Trela la jenereta la jeshi: anza na koili, injini iwe ya mwisho

Trela kuukuu la jenereta la jeshi likiingia gereji hapa Tanga, kila mtu anataka kusikia injini kwanza. Betri zinafungwa, dizeli inamiminwa, stata inapigwa. Injini hizi ni ngumu, mara nyingi zinakubali. Hasara inaanzia hapo hapo: koili zilizokaa miaka kwenye hewa ya bahari zinazalisha umeme zikiwa bado na unyevu, zinapiga shoti, na gharama ya kuzisuka upya inaweza kupita bei uliyonunulia trela zima. Pwani hii adui mkubwa ni chumvi, injini inafuata mbali. Ndiyo maana kazi tunaipanga hivi: kibao, chesisi, koili, mafuta, kisha injini.

Soma kibao cha taarifa kilichobandikwa kwenye jenereta kabla pesa haijatoka mfukoni. Kuna jenereta za jeshi ambazo kwa sura huwezi kuzitofautisha. MEP-003A na MEP-112A za Marekani zote ni za kilowati 10, za dizeli, injini ya kupozwa kwa hewa, stata ya volti 24. Lakini ya kwanza ni ya hezi 60, yaani mawimbi 60 ya umeme kwa sekunde, na ya pili ni ya hezi 400. Hezi 400 ni kwa mitambo ya rada na ndege. Friji na pampu ya maji haviwezi kuishi nayo. Nyingine hazitoi AC kabisa, zilitengenezwa kuchajia betri tu. Hizo waachie wenye kazi nazo.

Umeme wetu wa nyumbani ni wa hezi 50, lakini ya hezi 60 inawezekana. Kanuni ni mizunguko ya injini kwa dakika, mara idadi ya poli (ncha za sumaku), gawanya kwa 120. Jenereta ya poli nne ikizunguka 1800 inatoa hezi 60; ishushe hadi 1500 upate 50. Ukishusha mwendo, volti nayo inashuka kwa uwiano ule ule, 240 inakuwa 200, na nguvu inapungua kwa karibu sehemu moja ya sita, yaani kilowati 10 uzihesabu kama 8. Ukilazimisha kidhibiti volti, ile AVR, kirudishe 240 kwenye mwendo wa 1500, chuma cha ndani kinajaa sumaku kupita kiasi na koili ya rota inachemka hata bila mzigo. Kama umeshanunua, tumia transfoma ya kupandisha au muulize fundi wa kusuka kuhusu kubadilisha miunganisho.

Jambo jingine la kabla ya kulipa ni karatasi za mauzo. Trela linahitaji kadi yake na namba yake, na rangi ya jeshi pamoja na alama za jeshi ni kujitafutia maswali kila kizuizi kati ya hapa na Segera. Panga rangi nyingine mapema.

Chesisi ipigwe kwa nyundo ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa upande wa chini na pale ambapo chuma kimefungwa pande zote kama boksi. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi ukiisukuma inazama. Kuoza huanzia ndani, kwa sababu vitundu vya kutolea maji vimeziba tope. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, usibandike kiraka juu ya kutu. Bati la kuziba liwe na unene ule ule wa asili, kwa kawaida si chini ya milimita 3. Kabla ya kuchomelea, toa betri na uchomoe waya zote za AVR. Klempu ya ethi ikae kwenye chuma hicho hicho unachochomelea, karibu kabisa. Ukiifunga kwenye injini, mkondo unapita ndani ya beringi na kuacha vidoadoa. Miezi michache baadaye beringi zinaanza kulia na hakuna anayekumbuka chanzo.

Magurudumu yanataka tahadhari kuliko kitu kingine chochote kwenye trela. Rimu nyingi za jeshi ni za vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati. Kuna duara la nati za kufungia gurudumu kwenye habu, na duara jingine la nati zinazoshika vile vipande viwili. Fundi wa pancha asiyezijua akilegeza hizi za pili tairi likiwa na upepo, rimu inafyatuka na inaweza kuua. Toa sindano ya valvu, subiri upepo uishe wote, ndipo ushike spana. Zipake rangi nyekundu nati hizo ili kijana wa kesho asikosee.

Beringi za habu zioshwe kwa dizeli, zikaguliwe, zijazwe grisi mpya. Kaza nati huku unazungusha habu mpaka iwe nzito kidogo, rudisha nati nyuma kwa upande wake mmoja, weka kota pini mpya. Ukishavuta kilomita kama 20, simama uguse habu: ikiwa vuguvugu ni sawa, ikichoma mkono umekaza mno. Ringi ya kuvutia, ambayo kwa kiwango cha NATO ina tundu la milimita 76, ni chuma cha kufuliwa. Ikilika au ikipasuka inabadilishwa, haichomelewi. Taa ni rahisi: kama gari lako la kuvutia ni la volti 12, badilisha balbu za volti 24, la sivyo zitawaka kama zimekata tamaa.

Sasa kutu na rangi. Usipige mchanga wa ufukweni kwa kompresa ati kwa kuwa ni bure. Mchanga huo una chumvi, unaiingiza kwenye chuma ulichokuwa unakisafisha, na vumbi lake la silika linaharibu mapafu bila tiba. Rangi za zamani za jeshi nazo huwa na madini ya risasi na kromati; zikwanguliwe zikiwa zimeloweshwa, barakoa usoni, na ukwanguaji ukusanywe. Vitambaa vya kufungia ekzosi na bitana za breki za enzi hizo huenda vikawa na asbesto. Lowesha, funga kwenye mfuko, usipulize kwa upepo.

Osha chesisi yote kwa maji baridi ya bomba au ya mvua kabla ya grinda na baada yake. Maji ya kisima cha Raskazone au Sahare yaonje kwanza; yakiwa na ukakasi wa chumvi, unarudisha kile kile ulichokitoa. Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu vilowekwe kwenye molasi, sehemu moja kwa tisa za maji, wiki moja hadi mbili. Harufu yake majirani watakuambia. Usiweke humo kitu cha alumini, italiwa.

Praima ipakwe siku ile ile ya kusafisha. Chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kwa lugha ya Tanga: usipake alfajiri, usipake jioni, anza umande ukishakauka na uache kabla jua halijalegea. Januari na Februari, kabla ya masika, ndiyo majira yenyewe. Praima ya epoksi inazuia chumvi vizuri kuliko redi oksaidi ya kawaida, ambayo unyevu unaipenya ikiachwa bila rangi ya juu. Ndani ya chesisi ya boksi mwaga nta ya kuzuia kutu, kisha hakikisha vitundu vya chini viko wazi.

Koili ndizo kiini cha kazi yote. Unahitaji megga, kifaa cha kupima uzima wa kizio cha koili, ya volti 500, na mafundi wa kusuka mota wa Ngamiani wanayo. Kwanza chomoa AVR na diodi zote, maana volti 500 zitaziua papo hapo. Pima kila koili dhidi ya bodi kwa dakika nzima, zile zilizotulia na zile za rota inayozunguka. Chini ya megaomu 1, usizungushe. Kati ya 1 na 5, kausha. Juu ya 5 unaweza kuendelea, ingawa mashine kavu yenye afya huonyesha makumi au mamia.

Kama kuna unga mweupe wa chumvi au tope kwenye koili, kukausha peke yake hakutoshi, kwa sababu chumvi inabaki na itanyonya unyevu tena usiku wa kwanza. Osha koili kwa maji safi ya uvuguvugu, bila presha kali, mpaka maji yanayotoka yasiwe na ladha. Kausha kwa upepo, kisha jenga kibanda cha mbao au turubai kuizunguka, weka ndani taa mbili za halojeni za wati 500 zisizogusa kitu, na uache tundu juu ili mvuke utoke. Tundu hilo watu hulisahau, mvuke ukabaki unazunguka humo humo. Joto la koili lisipite nyuzi 80.

Wengi hutishwa na megga hapa. Saa za mwanzo usomaji unashuka badala ya kupanda. Ni kawaida: kizio kikipata moto upinzani wake hupungua, kwa kadirio la nusu kila nyuzi 10, na unyevu nao unatembea. Andika usomaji kila baada ya saa mbili. Utashuka, utatulia, kisha utaanza kupanda. Ukisimama juu bila kubadilika kwa vipimo vitatu mfululizo, imekauka. Mimina vanishi ya mota koili zikiwa bado na joto, kausha tena, pima zikiwa zimepoa. Waya za zamani za mpira na kitambaa zinazokatika ukizikunja zitolewe zote, usichague.

Mafuta. Tangi la dizeli linasafishwa kwa molasi ile ile, linasuuzwa, linakaushwa, kisha linapitishwa dizeli safi. Kama lilikuwa la petroli, na zipo jenereta za jeshi za petroli, usilisogeze karibu na moto hata kama limekaa wazi miaka. Hozi zote mpya, filta mpya.

Kwenye injini ya kupozwa kwa hewa fungua mabati yanayoelekeza upepo kwenye silinda. Nyigu hujenga humo kwa udongo na panya huleta nyuzi za mkonge. Silinda moja inakosa upepo, inakwama. Angalia na ekzosi. Toa nozeli kabla ya kuzungusha krenki, maana maji yakiwa juu ya pistoni, kulazimisha stata kunapinda konrodi. Ikiwa imeganda, mimina mchanganyiko wa ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni, nusu kwa nusu, ndani ya silinda, ngoja siku kadhaa, uichezeshe mbele na nyuma kwa mkono kwenye flaiwili. Usiivute kwa gari.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha pampu ya dizeli na usukume fito inayodhibiti kiasi cha mafuta. Iteleze kwa kidole na kurudi bila kusita. Dizeli ya zamani huacha gundi, fito inaganda kwenye mafuta mengi, na injini ikiwaka inakimbia mwendo wake hadi ipasuke. Kuzima swichi hakutaisimamisha. Weka mtu mmoja karibu na mdomo wa kuvutia hewa akiwa na kipande cha mbao bapa kinachouziba wote, kazi yake ni hiyo tu. Auzibe kwa mbao, si kwa kiganja wala kitambaa. Kisha toa hewa kwa mfuatano: filta, pampu, mwisho nati za mabomba ya nozeli. Mwendo wa kwanza uwe bila AVR, dakika chache, usikilize beringi.

Ikizunguka vizuri lakini volti haitoki, pengine sumaku iliyobaki kwenye chuma imepotea kwa kukaa muda mrefu. Zima injini, tenganisha AVR na koili ya fildi (ile inayotengeneza sumaku), gusisha betri ya volti 12 kwenye fildi kwa sekunde chache, chanya kwa chanya, unganisha tena, washa. Bila mzigo rekebisha gavana upate karibu hezi 52. Ikibeba mzigo kamili itashuka karibu na 50. Mzigo wa kujaribia uwe wa joto tu, pasi na majiko ya umeme, robo, nusu, robo tatu, kamili, nusu saa kila hatua. Kamwe usiizungushe saa nyingi bila mzigo: dizeli haiungui yote na ekzosi inaanza kutema oili nyeusi.

Matrela ya karakana, yale yenye kabati la mabati na benchi, yanafuata njia hii hii, na mambo mawili zaidi. Mabati ya alumini yaliyofungwa kwa ribiti za chuma huoza kuzunguka kila ribiti kwenye hewa ya chumvi. Weka ribiti za alumini na silanti katikati. Na tangi la kompresa lijazwe maji kabisa, lipimwe kwa maji hadi mara moja na nusu ya presha yake ya kazi. Kupima kwa hewa tangi lililooza ndani ni bomu.

Trela likiwa tayari kulisha nyumba au duka, lipitie swichi ya kubadilisha inayokata laini ya TANESCO kabisa. Waya wenye plagi dume pande zote mbili unarudisha umeme kwenye transfoma ya mtaa na kupandishwa hadi maelfu ya volti, na kule juu ya nguzo kuna fundi anayeamini laini imekufa. Fimbo ya ethi ipigwe kwenye udongo wenye unyevu. Kwenye mwamba wa matumbawe piga mbili au tatu, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, uziunganishe. Ukiliegesha, turubai liachwe wazi pembeni chini ili hewa ipite, na kila mwezi liwashwe kwa nusu saa na zaidi likiwa na angalau nusu ya mzigo wake.