Kidari hakina haja ya papai

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Nyama ya ng'ombe siku hizi ni ngumu. Wewe nyumbani unailainishaje?" Najua majibu mengi yatakuwa papai bichi na sufuria ya presha, na hatakosekana wa kusema tuhamie kwenye kuku. Langu linakwenda upande mwingine. Mimi bucha nafuata ile ile ngumu, kidari, naibandika asubuhi na kuipakua baada ya adhuhuri, na namalizia kwa sosi ya babikyu ninayopika mwenyewe.

Kwanza tuitendee haki nyama yenyewe. Ng'ombe wengi tunaowala Dar ni wale wenye nundu, waliokulia malishoni bara, Shinyanga, Singida, Dodoma na kwingineko, wakatembea sana kutafuta majani na maji, kisha wakapandishwa malori hadi mnada wa Pugu. Wanachinjwa usiku, Vingunguti au machinjio mengine, alfajiri nyama iko kwenye ndoano za bucha, saa sita mchana iko sufuriani. Hapo kuna mambo mawili tunayoyachanganya. Moja ni msuli uliofanya kazi maisha yake yote. La pili ni haraka zetu wenyewe: mnyama akishachinjwa misuli hukakamaa ndani ya saa chache, na kwa ng'ombe huchukua siku moja au mbili ndipo ianze kulegea tena. Sisi tunampika akiwa bado amekakamaa, halafu lawama anabeba mfugaji.

Papai halitibu lolote kati ya hayo, angalau si kwenye pande kubwa. Utomvu wake una kimeng'enya cha papeini kinachokatakata protini, lakini hakizami mbali. Kwenye mishikaki, ambako kila kipande ni kidogo, sina ugomvi nalo. Kwenye kilo mbili za nyama nzima, nje panakuwa kama uji na ndani pamebaki vilevile.

Kidari ni sehemu ya kifua, kati ya miguu ya mbele. Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua kwetu sisi, kwa hiyo misuli ya kifua ndiyo inayombeba mbele, na mbele ndiko kuliko zaidi ya nusu ya uzito wake akiwa amesimama. Ndiyo maana kidari kimejaa kolajeni, zile tishu nyeupe zinazovutika mdomoni ukikila kabla hakijaiva. Kolajeni hailegezwi na moto mkali. Inataka joto la kuanzia nyuzi 70 hivi, na inataka ikae humo kwa saa nyingi hadi igeuke kuwa jelatini, ule ute unaonata vidoleni ukila kongoro. Moto ukiwa mkali, nyuzi za nyama hujikamua maji yote kabla kolajeni haijapata muda wa kuyeyuka, unabaki na nyama kavu na bado ngumu. Sufuria ya presha hufanya kazi hiyo kwa saa moja na ushee kwa sababu ndani yake maji hufika karibu nyuzi 120, na kwa supu ya kongoro naitumia bila aibu. Lakini kidari kikitoka humo kimeshasambaratika, hukikati vipande, unakichota. Mimi nataka vipande.

Wanaojulikana kwa kazi hii ni watu wa Texas, Marekani. Wao hukiweka kidari kizima kwenye moshi wa kuni, joto la nyuzi 107 hadi 121, kwa saa kumi, kumi na mbili, hata zaidi, na wengi wao hawapaki zaidi ya chumvi na pilipili manga. Sosi nzito ya nyanya na molasi, ule ute mweusi mtamu wa miwa, ni habari ya Kansas City, na kuna Wateksasi watakaokukasirikia ukiimwaga juu ya nyama yao. Mimi niko Tabata, nachukua kwa wote wawili na hakuna wa kunizuia. Tanuri la moshi sina, wala uwanja wa kuliweka sina.

Bucha nendeni mapema, kabla hawajaanza kukatakata. Kwa kawaida kidari huishia kwenye mchanganyiko: kinapigwa shoka pamoja na mifupa, vipande vinarushwa kwenye mizani, unapimiwa kilo yako. Muuza bucha wangu hunicheka kila akiniona. "Dada'angu, hiyo si ya supu? Chukua steki bwana." Namwambia, kaka'angu, shoka weka pembeni, chukua kisu, fuata mfupa taratibu mpaka kidari kitoke kizima. Mifupa nayo anifungie, hiyo ndiyo ya supu. Ninachokagua ni tabaka la mafuta la upande mmoja. Ng'ombe wetu hawanenepeshwi kwa nafaka, kwa hivyo mafuta huwa membamba na mara nyingine ya manjano kwa ajili ya majani. Hata yakiwa membamba, asiyaondoe. Mwenzenu akitaka kuwasafishia nyama "ipendeze", mkatalieni.

Kilo mbili zatosha watu sita hadi wanane wanaokula kistaarabu. Pungufu ya kilo moja na nusu sioni haja ya kuhangaika, pikeni mchuzi. Nyama ikifika nyumbani naifuta maji, naipaka chumvi gramu 15 kwa kila kilo, yaani vijiko viwili na nusu vya chai vya kufuta, na pilipili manga iliyotwangwa kwa ukubwa, sio ule unga wa kupigia chafya. Inalala kwenye friji, usiku mmoja au miwili. Hapo chumvi inazama ndani na ile hali ya kukakamaa niliyoisema inapungua.

Kukicha, naikaanga kwanza pande zote kwenye sufuria nzito yenye mafuta kidogo hadi igeuke kahawia iliyokolea. Msiogope ile rangi iliyoganda chini ya sufuria, ladha iko pale. Naitoa, natandika vitunguu maji vitatu vikubwa vilivyokatwa duara, naweka nyama juu yake, upande wa mafuta ukiangalia juu, naongeza kikombe kimoja cha maji. Kimoja tu. Nyama itatoa maji yake, na vitunguu vitatoa yake. Mtu akijaza maji mpaka nyama izame anapika supu, na supu ni nzuri, ila siyo tunayozungumzia. Mfuniko ukiwa haushiki, nakanda unga wa ngano kidogo na kuuzungushia ukingoni kama wapika biriani wanavyofanya.

Halafu moto. Ndani ya sufuria kisikike kitu kinachopumua, kiputo hapa, kiputo pale, si kutokota. Kwa oveni ni nyuzi 140 au 150. Jiko la mtungi mdogo wa gesi, lile la bana kukaa juu ya mtungi, huwa halikubali moto mdogo. Kinachosaidia ni kuweka chuma cha chapati juu ya moto na sufuria juu ya chuma. Mwenye mkaa tu apalie: makaa machache chini, machache juu ya mfuniko, kama anavyopalia wali, na ayapunguze yakizidi. Ng'ombe wetu wa nundu huchukua saa nne na nusu hadi tano na nusu kwa kilo mbili. Katikati naigeuza mara moja. Kupima ni kwa uma: uingie na utoke bila nyama kuung'ang'ania. Ukiona bado inavuta, hata kama saa tano zimepita, funika uendelee na shughuli zako.

Najua mtu ataniuliza habari ya nishati. Nchi ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho, halafu mimi nawaambia mbandike sufuria kutwa? Hoja hiyo naikubali. Kwangu muda mrefu wote ni wa gesi kwenye moto mdogo kabisa, mkaa nauwasha mwishoni tu, robo saa. Kuhusu muda, ambao ndio watu hulalamikia zaidi, mikono yenyewe haifanyi kazi zaidi ya saa moja. Saa zilizobaki unafua, unasuka nywele, unapiga soga na mama mkwe.

Sosi ndiyo raha yangu. Naianza nyama ikiwa na kama saa moja na nusu jikoni bado. Ukwaju, fumba la mkono, naloweka kwenye kikombe cha maji ya moto na kuukamua, mbegu zitoke. Nyanya mbivu sita nazisaga kwenye blenda. Kwenye sufuria ndogo nakaanga kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo mpaka kilainike, naongeza punje tano za kitunguu swaumu na kipande cha tangawizi, vyote vimetwangwa, kisha nyanya ya kopo gramu 70, naikaanga mpaka igeuke rangi ya matofali na mafuta yajitenge. Watu wengi huikimbilia maji kabla ya hapo, ndiyo maana sosi yao inabaki na ule uchachu mbichi wa kopo. Zinafuata nyanya zilizosagwa, maji ya ukwaju, vijiko vinne vya mezani vya siki, na sukari guru iliyokunwa, robo kikombe ikianza, nyingine ikihitajika. Molasi ya dukani siitafuti. Sukari guru haijaondolewa molasi yake, kwa hiyo ule ukolevu wa miwa unakuja nao. Viungo: haradali ya unga kijiko cha chai, pilipili manga, mdalasini kidogo, karafuu mbili. Pilipili mbuzi moja inaelea nzima bila kupasuka, itoe harufu. Wakali waipasue wenyewe.

Ukwaju kwenye sosi ya Kimarekani si uhuni wangu. Sosi ya Worcestershire ya Waingereza, ambayo mapishi mengi ya babikyu huidai, ina ukwaju ndani yake. Ina na samaki wadogo waliochachushwa. Dagaa wa Mwanza sijawatia, lakini wazo ninalo.

Inachemka taratibu dakika arobaini, mwiko ukipita mara kwa mara maana sukari inapenda kushika chini. Chumvi siweki mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo moja limebaki: nyama ikiiva, nachota ule mchuzi mzito wa chini ya sufuria, naengua mafuta, na kumimina kikombe kimoja ndani ya sosi. Mchuzi huo tayari una chumvi. Na una ile jelatini, kwa hiyo sosi inang'aa na kushika nyama bila wanga wa mahindi. Vile vitunguu vya chini navisaga humo humo. Ikizidi utamu, siki, ikizidi ukali wa siki, sukari guru, ikipooza, ndimu.

Sasa ule mkaa. Makaa yakishakuwa mekundu na jivu jeupe juu, natupia vifuu viwili vitatu vya nazi, vile vigumu vilivyokwisha kukunwa. Makumbi yasitumike, moshi wake ni mchungu na unawasha macho. Nyama inakaa juu ya wavu, mbali kidogo na moto, naipaka sosi upande huu, naigeuza, napaka upande huu, hivyo hivyo mpaka ikauke na kupaka tena. Robo saa yatosha. Wale wanaopaka sosi tangu mwanzo wanaunguza sukari, nje ni jeusi na chungu, ndani hata joto halijafika.

Isikatwe ikitoka motoni. Iachwe nusu saa, imefungwa jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto likalegea, au karatasi ya alumini kama jani halipo. Kisha itazameni nyuzi zake zinaelekea wapi, muikate kwa kukingama nyuzi hizo. Kidari ni misuli miwili iliyolaliana na katikati pana mafuta, na nyuzi za huu hazielekei pamoja na za ule, kwa hiyo mkifika kwenye mafuta geuzeni pande kabla ya kuendelea na kisu. Shemeji yangu mmoja, mtu wa haraka, alikata kwa kufuata nyuzi wakati nimekwenda kunawa, na meza nzima ikatafuna na kulalamika kuwa haijaiva. Upande wa pili wa pande lile lile, uliokatwa sawasawa, uliliwa kimya.

Tunakula na kachumbari yenye ndimu nyingi na ndizi za kuchoma, wengine ugali. Ikibaki, Jumatatu huingia kwenye boflo. Sosi inayosalia naitia kwenye chupa iliyochemshwa, hukaa friji wiki mbili bila shida, na juu ya mihogo ya kuchoma ndiko inakokwisha kabla wiki hizo hazijafika.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam